Bima Mpya ya Afya na Watu wa Kajiado

Tarehe 1 Oktoba 2024 mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, NHIF, ulifungwa katika Kenya nzima, na mahali pake pakashikwa na mamlaka mpya ambayo watu wameizoea kwa jina la SHA. Tangu siku hiyo watu wengi wameuliza swali moja: je, matibabu ni bure, ama si bure? Mmoja husema kwamba alitibiwa katika zahanati bila kutoa hata senti moja. Jirani yake husema kwamba aliombwa fedha katika hospitali ya Serikali iliyo karibu na nyumba yake. Wote wawili husema kweli, na yafaa sababu yake ielezwe, hasa kwa watu wa Kaunti ya Kajiado, ambako mambo haya mawili hukutana katika nchi moja.

Mpango huu uliwekwa na sheria nne zilizotiwa sahihi na Rais William Ruto tarehe 19 Oktoba 2023. Ndani yake mna mifuko mitatu ya fedha, na kila mfuko una kazi yake. Wa kwanza ni mfuko wa afya ya msingi. Huu hujazwa na Serikali wala si na mgonjwa, nao hulipia matibabu ya mtu asiyelazwa katika zahanati na vituo vya afya, yaani daraja la 2 na la 3. Sharti lake ni moja tu, kwamba mgonjwa awe amejiandikisha. Wa pili ni mfuko wa bima, ambao hujazwa na michango ya watu wenyewe, nao hulipia kazi kubwa: kulazwa, kupasuliwa, kujifungua na mengineyo. Wa tatu ni wa dharura na maradhi mazito ya muda mrefu, nao hushika pale ambapo fedha za bima zimemalizika.

Hapo ndipo penye fundo. Kujiandikisha ni bure na zahanati ni bure, lakini bima ya hospitali ni ya aliyechanga. Mtu aliyejiandikisha asichange chochote amepata nusu ya mpango, na mara nyingi hajui kwamba ni nusu mpaka siku anapomfikisha mgonjwa wake penye lango la hospitali.

Mji wa Kitengela u kusini ya Nairobi, mwendo wa kama kilomita 30, katika njia kuu iendayo Namanga. Zamani palikuwa malisho ya Wamasai na mapito ya nyumbu na punda milia watokao katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ardhi ya ranchi ya pamoja iligawanywa kwa wanachama wake katika miaka ya 1980. Baada ya hapo viwanja vikauzwa, na viwanda vya Athi River, vilivyo ng'ambo tu ya mpaka wa Machakos, vikaleta wafanyakazi wengi wenye kutafuta nyumba za kupanga. Hesabu ya mwaka 2019 ilipata watu 154,436 katika mji huu. Kaunti nzima, iliyokuwa na watu 406,054 mwaka 1999, ilikuwa imefika watu 1,117,840 katika muda wa miaka ishirini tu.

Katika mji kama huu mgonjwa hana safari ndefu. Hospitali ya Serikali ya Kitengela ipo, na kliniki za watu binafsi zipo katika mitaa mingi, zingine juu ya duka la nguo, zingine kando ya kituo cha matatu. Shida ya mtu wa Kitengela ni ya namna nyingine. Hospitali ile ni ya daraja la 4. Mama aliyempeleka mtoto mwenye kikohozi huko, kwa kuwa ndiyo hospitali aijuayo, amekwisha kuvuka mpaka wa mfuko wa kwanza bila kutambua. Kama angalimpeleka katika zahanati au kituo cha afya kilicho katika mpango huu, malipo yangalitoka Serikalini. Si kwamba amefanya kosa. Ni desturi ya watu kila mahali kwenda penye jengo kubwa na madaktari wengi. Lakini mpango mpya umejengwa kama ngazi, na mtu anayeanza kupanda katikati hulipia kipande alichokiruka.

Kwa mfanyakazi mwenye mshahara mchango wa bima ni jambo rahisi. Asilimia 2.75 ya mshahara wote hukatwa kila mwezi kabla haujamfikia mkononi. Fundi wa cherehani katika kiwanda cha nguo apataye shilingi 20,000 hukatwa shilingi 550, na mchango huo humwingiza pia mume au mke wake pamoja na watoto, mradi wameandikishwa. Fundi huyo hahitaji kukumbuka tarehe wala kupanga foleni. Kwa mwenye pikipiki ya kubeba abiria, kwa mama auzaye mboga, kwa mchunga ng'ombe, sheria ni nyingine. Huyo huulizwa maswali juu ya nyumba yake na hali ya maisha ya jamaa yake, kisha hukadiriwa mapato, na kutokana na makadirio hayo huambiwa mchango wake. Mchango haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Tena hautolewi mwezi kwa mwezi: hutakiwa mwaka mzima mapema, yaani shilingi 3,600 kwa uchache, kabla bima haijamlinda.

Ada za zamani

Watu wenye umri mkubwa watakumbuka kwamba si mara ya kwanza malipo ya hospitali kubadilika. Wakati wa ukoloni mgonjwa wa nje alitozwa shilingi 5. Mwaka 1965 Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta iliiondoa ada hiyo, na mwaka uliofuata NHIF ikaanzishwa ili kulipia waliolazwa. Kwa miaka zaidi ya ishirini zahanati na hospitali za Serikali ziliendelea hivyo, ingawa dawa zilizidi kuadimika kadiri fedha za Hazina zilivyopungua. Ndipo mwezi Desemba 1989 ada ikarudi kwa jina la kugawana gharama.

Matokeo yake yalionekana upesi. Katika kliniki moja ya Serikali mjini Nairobi iliyotibu magonjwa ya zinaa, waganga walihesabu wagonjwa wao kabla ya ada na baada yake. Wanaume waliokuja kila mwezi walishuka wakawa 40 tu kwa kila 100 wa zamani. Wanawake walishuka wakawa 65. Maradhi hayakupungua mjini. Wenye maradhi ndio waliobaki nyumbani, wakiendelea kuwaambukiza wengine. Ada ya wagonjwa wa nje ilisimamishwa mwaka 1990, ikarudishwa kidogo kidogo kuanzia 1992. Mwaka 2004 zahanati zikaamriwa zisitoze zaidi ya shilingi 10, na vituo vya afya shilingi 20. Tarehe 1 Juni 2013 hata hizo zikaondolewa, na kina mama wakaruhusiwa kujifungua bila malipo katika hospitali za Serikali. Mpango huo wa kina mama ndio uliokuja kuitwa Linda Mama.

Katika historia hiyo yote mtu mmoja hakuguswa sana na kupanda wala kushuka kwa ada, naye ni yule aliyekaa mbali mno hata asiifikie zahanati yenyewe.

Mwendo wa njia

Kaunti ya Kajiado ina kama kilomita 21,900 za mraba, ambazo ni zaidi ya mara nane ya visiwa vya Unguja na Pemba vikiwekwa pamoja. Habari nyingi za Kajiado zisomwazo Nairobi ni za Kitengela, Ongata Rongai na Ngong, kwa sababu huko ndiko watu walikosongamana. Lakini ukishapita Isinya na mji wa Kajiado, ukaelekea Ilbisil, kisha ukaiacha lami na kushika njia ya Meto. Au ukiteremka bondeni mpaka Magadi na mbele yake Shompole, nyumba huwa mbalimbali, na zahanati moja hutumikia watu wa eneo kubwa sana. Wakati wa kiangazi mifugo huhamia penye majani, na watu huifuata. Zahanati haihami.

Kwa mama wa huko tangazo la kwamba zahanati haina malipo ni la kweli kabisa, wala hapana wa kulipinga. Hata hivyo, hesabu yake haianzii mlangoni pa zahanati. Huanzia kwake nyumbani: pikipiki ya kwenda na kurudi, mtu wa kuwachunga mbuzi siku ile, mtu wa kubaki na watoto wengine, na chakula cha njiani. Akifika akute mwuguzi amekwenda mkutanoni, au dawa zimekwisha, gharama zote hizo zimepotea, na mara nyingine atafikiri mara mbili kabla ya kutoka. Ada ya shilingi 10 iliyoondolewa mwaka 2013 ilikuwa sehemu ndogo sana ya hesabu hiyo.

Kwa sababu hiyo, kazi zilizofanikiwa zaidi katika nchi ya Wamasai zimekuwa zile zilizomfuata mgonjwa. Mwaka 1957 madaktari watatu wapasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, waliunda shirika la madaktari warukao kwa ndege ambalo leo ni Amref, wakitumia ndege ndogo na redio kuzifikia hospitali za mbali. Mfano mwingine ni ugonjwa wa macho uitwao trakoma, ambao umewasumbua sana watu wa Kajiado. Wadudu wake hupita kwa vidole, kwa nguo na kwa nzi, wala nzi hawakosi penye ng'ombe. Na mama amtunzaye mtoto mgonjwa huambukizwa tena na tena, mpaka kope hugeuka ndani na kulikwaruza jicho. Ugonjwa huo haukungojewa hospitalini. Dawa ya azithromycin ilipelekwa vijijini na kugawiwa kwa watu wote wa eneo, wagonjwa na wazima, na watu wakafundishwa kunawa uso na kuchimba vyoo. Waliokwisha kugeuka kope ndio waliopasuliwa.

Mwezi Septemba 2023 Serikali ilianza kuwapa vifaa wahudumu wa afya wa vijijini zaidi ya 100,000 katika Kenya yote. Kila mmoja hukabidhiwa nyumba zipatazo mia moja, na mkoba wenye kipimo cha shinikizo la damu, kipimo cha sukari na kipimo cha joto, pamoja na simu ya kuandikia habari. Katika mtaa wa Kitengela nyumba mia moja zaweza kuwa katika majengo matatu ya ghorofa, na mhudumu huzimaliza kwa miguu kabla ya jua la mchana. Katika nyika ya Shompole nyumba mia moja ni safari ya siku nyingi. Mkoba ni mmoja, hesabu ya nyumba ni moja, lakini kazi si moja, na wenye kupanga posho za watu hawa hawana budi kulifikiri jambo hilo.

Mchango wa mwaka na mali ya mfugaji

Turudi katika zile shilingi 3,600. Kuna wasemao kwamba mfugaji ni tajiri, kwa kuwa ng'ombe mmoja wa sokoni hulipa mchango huo mara nyingi. Ni kweli katika mwaka mwema. Lakini kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi za Kenya na nchi jirani, na Kajiado iliumia vibaya. Ng'ombe waliokufa hawakuuzwa, na waliobaki waliuzwa kwa bei ya ngozi na mifupa. Mtu aliyekadiriwa akiwa na zizi lililojaa aweza kuwa maskini kabla mwaka haujaisha. Tena maswali juu ya nyumba hayampimi mfugaji vizuri. Pana wazee wenye ng'ombe wengi walalao katika nyumba iliyokandikwa kwa samadi, na pana wajane wenye paa la mabati, walilojengewa na mtoto aliye mjini, wasio na hata mbuzi wa maziwa.

Kulipa mara moja kwa mwaka si wazo baya kwa kila mtu. Huko Tanzania, katika wilaya ya Igunga iliyo katika mkoa wa Tabora, mfuko wa afya ya jamii ulianza mwaka 1996 kwa namna hiyo: jamaa walilipa mara moja, wakapewa kadi ya kutibiwa kwa mwaka. Kwa mkulima ilifaa kutoa fedha wakati wa mavuno. Hata mfugaji angeweza kutoa fedha siku ya mnada. Lakini mfuko huo wa hiari ulipoenezwa katika wilaya nyingine, watu wengi hawakujiunga, na miongoni mwa sababu zake ilikuwa dhahiri: aliyelipa akafika zahanati akakosa dawa, mwaka wa pili hakulipa. Mtu wa Kajiado atafanya hesabu hiyo hiyo.

Serikali ya Kenya imeiona shida ya malipo ya mkupuo. Mwaka 2025 ulianzishwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambao humwezesha mtu asiye na mshahara kulipiwa mwaka mzima kwa mkopo, naye akaurudisha kidogo kidogo. Mwaka huo huo Serikali ilitangaza kwamba yenyewe itawalipia baadhi ya watu walio maskini kabisa. Ni hatua za maana, ila mkopo ni deni, na mwenye kuuchukua yampasa afahamu masharti yake kabla ya kukubali.

Jambo linalohitaji kuangaliwa zaidi ya yote ni kujifungua. Chini ya Linda Mama mwanamke hakuulizwa mchango. Katika mpango wa sasa kujifungua kumewekwa katika mfuko wa bima, ambao humlipa mwenye hospitali shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na shilingi 30,000 kwa uzazi wa kupasuliwa. Malipo hayo ni ya jamaa iliyokamilisha mchango. Mwanamume anayesema kwamba atalipa bima akiugua, kama watu wengi wasemavyo, na awaze siku ambayo mke wake atashikwa na uchungu usiku, na pikipiki inangoja nje. Siku hiyo hatakuwa na nafasi ya kuuza ng'ombe kwa bei nzuri. Kwa mwenye mke mja mzito, yafaa mchango wa mwaka utolewe mapema, wakati bado kuna miezi ya kuchagua siku ya soko.

Yapasa kuongeza neno juu ya hospitali za watu binafsi, ambazo Kitengela ni nyingi. Si zote zilizo na mapatano na SHA. Tena mwanzoni mwa mwaka 2025 hospitali nyingi za namna hiyo nchini zilisimamisha kwa muda kuwahudumia wenye bima, zikidai madeni yaliyobaki tangu siku za NHIF. Kwa hiyo ni vema mtu aulize kabla ya kumlaza mgonjwa, wala asitegemee kibao kilichopakwa rangi ukutani. Hospitali za Serikali nazo zilikuwa na taabu yao. Baada ya kazi ya afya kukabidhiwa kaunti mwaka 2013, fedha zilizotozwa wagonjwa katika kaunti nyingi zilipelekwa kwanza katika hazina ya kaunti, na kuzirudisha hospitalini kulichukua muda. Mojawapo ya zile sheria nne za 2023 huamuru kwamba fedha hizo zibaki katika hospitali iliyozipata na zitumike hapo hapo. Sheria hii haikusemwa sana katika mikutano, lakini yamkini ndiyo itakayoamua kama dawa zitakuwapo rafuni au hazitakuwapo. Wananchi walio katika kamati za zahanati na hospitali wana haki ya kuuliza hesabu zake.

Kwa habari ya dharura, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yasema kwamba mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Aliyepata ajali katika njia ya Namanga, au mama anayetokwa na damu, hawezi kurudishwa kwa sababu ya kutochanga. Mambo ya malipo hufuata baada ya kuokolewa.

Kujiandikisha hakuna malipo, na mtu akiombwa fedha kwa kazi hiyo asitoe. Mwenye simu ya aina yoyote hubonyeza *147# na kufuata maelezo, akiwa na kitambulisho chake cha taifa. Asiye na simu aweza kuandikishwa hospitalini, au kusaidiwa na mhudumu wa afya wa kijiji chake. Mke au mume na watoto huandikwa chini ya mchangaji, wala si vema kuahirisha kuwaandika watoto, kwani mtoto asiyeandikwa hatambuliwi na mfuko siku atakapolazwa. Kwa watoto waliozaliwa nyumbani, ambao ni wengi katika sehemu za mbali, yafaa kwanza kizazi kiarifiwe kwa chifu msaidizi wa mahali, ili cheti cha kuzaliwa kipatikane.